Mke wa, Binti wa

Jumatatu, 1 Februari 1999. Kakuma

Samahani, Akiru. Ni wewe mwenyewe uliyejiahidi kuandika kila wiki, na mara ya mwisho ulikuwa hujamzaa Losike. Sasa Losike anakaa bila kuegemea kitu. Sina sababu nzuri. Kuni, maji, unga, kunyonyesha. Kila nikishika kalamu analia.

Sasa amelala. Saa nane mchana, jua limefukuza wateja wote. Nimekaa juu ya debe mlangoni pa hoteli yangu, kama mabati manne na mkeka vinaweza kuitwa hoteli. Mandazi ya asubuhi yameisha. Unga wa jioni bado haujaumuka.

Naandika kwa sababu askari wa kanjo, wale wa baraza la kaunti, wamekuja tena. Wawili. Walikunywa chai kwanza, wakala, wakapangusa midomo, ndipo wakauliza leseni. Nikasema naishughulikia. Mkubwa wao akasema, "Mama, kila mwaka unashughulikia. Mwisho wa Machi tukikuta hakuna karatasi, tunafunga. Tunabeba mpaka birika."

Hakulipa chai.

Birika siliogopei sana. Naogopa kwa sababu ya Napeyok, binti yangu wa kwanza. Mama mkwe alishasema kule Lodwar: mtoto hatakuja kukaa kwenye hoteli ambayo kanjo wanaweza kuivunja siku yoyote. Karatasi kwanza, mtoto baadaye. Nilikasirika. Lakini hakukosea. Nilimwacha Napeyok kwake nilipokuja hapa kutafuta wateja wa kambi ya wakimbizi, nikasema ni kwa muda mfupi. Muda mfupi huo umeota meno.

Alhamisi, 4 Februari

Nimezunguka ofisi. Kanjo hawanipi risiti bila leseni ya biashara. Leseni ya biashara inatoka Lodwar, na Lodwar hawaitoi bila risiti ya kanjo. Bwana afya hakagui jengo lisilo na fomu. Fomu iko Lodwar. Chifu anakubali kuandika barua ya ploti, lakini muhuri amekaa nao naibu wake, na naibu ameenda matangani.

Nimewauliza wenye maduka walifanyaje. Wakacheka. Mmoja akasema, "Sisi tunajua njia ya nyuma." Mimi siijui, na wanaoijua hawaionyeshi bure.

Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Jumanne, 9 Februari. Lodwar

Nimekuja na lori la unga, Losike mgongoni. Barua ya chifu ninayo. Muhuri umepatikana.

Ofisi ya biashara ina benchi moja na foleni inayotoka nje mpaka juani. Karani ni kijana, ametoka "Kenya", kama tunavyoita sisi huko ng'ambo ya Kapenguria. Bado ana jasho la mgeni. Fomu yote ni Kiingereza. Nilisoma hadi darasa la nane, naielewa polepole, kama mtu anayetembea kwenye mchanga.

Jina: Rebeka Akiru. Namba ya kipande. Aina ya biashara. Halafu mstari mmoja: mke wa, au binti wa. Ukate lisilokuhusu.

Hapo kalamu ikasimama.

Karani akauliza, "Mama, umeolewa au hujaolewa?"

Kwetu swali hilo halina jibu la neno moja. Ewoi alinichukua, akatoa mbuzi na ngamia wachache. Ng'ombe walikuwa wafuate. Kabla hawajafuata, wavamizi wakafagia zizi la baba yake, halafu ukaja ukame. Fahali wa harusi hajachomwa mkuki mpaka leo. Kwa desturi mimi bado ni wa nyumba ya baba yangu, na watoto wangu pia. Lakini nimemzalia Ewoi wawili, na nimepika kwa mama yake miaka. Sasa hayo yote nikate lipi?

Karani akamtazama Losike aliyekuwa ananyonya. "Na huyu amedondoka kutoka mbinguni?" Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Akachukua kalamu mwenyewe, akakata "binti wa", akaandika Ewoi.

Jioni kwa mama mkwe. Napeyok ana jino linalocheza. Analisukuma kwa ulimi, anataka nilitazame kila mara. Amekuwa mrefu. Ananiita Akiru. Hajui kuniita mama kwa sababu Ata, nyanya yake, ananiita Akiru, na yeye anafuata.

Iliniuma. Sikumrekebisha. Nilimshika tu lile jino.

Jumapili, 21 Februari. Kakuma

Baba amekuja. Ametoka kwetu Nakalale.

Kumbe kwenye ile foleni ya Lodwar alikuwepo mtu wa kwetu. Habari haikosi miguu. Nilitoka kanisani nikamkuta baba amekaa mbele ya hoteli juu ya kile kigoda chake, fimbo imelala mapajani. Tukasalimiana: Ejok. Ejok-nooi. Nikamletea maji akanywa. Nikamletea chai akaikataa.

"Hiyo ni chai ya mke wa Ewoi," akasema. "Mimi simjui."

Wateja wakatazama vikombe vyao.

Akauliza polepole, kila mtu akasikia. Nani ameniozesha? Huyo karani? Basi ametoa ng'ombe wangapi? Wamefungwa zizi gani awaone? Nikasema baba, ni fomu tu, ni ya kuuza chai. Akasema karatasi ya serikali haijawahi kuwa karatasi tu. Akinyamaza, itasema amekubali. Siku Ewoi akipata mali atasema, mzee, serikali ilishanipa mke, unadai nini?

Kisha akasema kitu kilichonimaliza. Ndugu yangu naye anawasubiri ng'ombe hao hao ili aoe. Ana mvi za kwanza na bado analala na wavulana.

Siwezi kumchukia baba. Ningeweza, ningelala vizuri.

Aliondoka jua likiwa kali. Ile chai niliimwaga.

Jumatatu, 22 Februari

Achol amejua yote kabla sijamweleza. Ni jirani yangu wa biashara, mama wa kutoka kusini mwa Sudani, anakaa kambini na kuuza samaki mkavu na mafuta upande wa pili wa barabara. Ananiazima chumvi, mimi namwazima moto. Nilipomaliza kusema akapiga kofi paja lake.

"Malesh, pole, Akiru. Mimi sina nchi, wewe huna mume wala baba. Tuuze chai."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu yakabaki machozi tu.

Ijumaa, 26 Februari

Ewoi amefika kutoka Loki. Anapakua magunia ya ndege za msaada kule kwenye uwanja wa ndege. Ameleta sukari na mche wa sabuni. Mabega yamechubuka.

Nikamweleza habari ya mstari. Akasikiliza kama anavyosikiliza kila kitu, macho chini. Akasema, "Andika upendavyo. Mimi sina ng'ombe, nitasema nini mbele ya wazee?"

Nilimchukia kidogo. Nilitaka agombane na mtu, hata kama ni mimi. Badala yake alimbeba Losike akampigia mbinja. Nikafua shati lake kwa ile sabuni yake mwenyewe.

Jumanne, 2 Machi. Lodwar

Nimerudi kubadilisha fomu. Leo kuna karani mwingine, wa makamo, haangalii uso. Akasema fomu iliyokwisha kupokewa haifutwi. Kama nina habari nyingine, nichukue fomu nyingine.

Nilikuwa nimelala kwa mama mkwe, naye alishanisoma. Jana alinisimamisha jikoni. "Ukiandika binti wa Ekal, kesho baba yako atakuja na karatasi hiyo kuwachukua wajukuu wangu. Huyu Napeyok hatoki hapa." Hakupaza sauti. Alikuwa anamsuka Napeyok shanga, na mikono yake haikusimama.

Kwa hiyo nikachukua fomu nyingine. Rebeka Akiru, kipande kile kile, hoteli ile ile, binti wa Ekal. Ile ya kwanza nikaiacha iendelee na safari yake.

Nimefikiri sana na sioni ubaya. Kwetu mtu ana jina la kuzaliwa, jina la kanisani, jina analoitwa na wakwe, na mwanamume ana jina la fahali wake juu ya hayo. Hakuna anayesema ni watu wanne. Baba akiuliza, ipo karatasi yenye jina lake. Mama mkwe akiuliza, ipo yenye jina la mwanawe. Mimi nitapika chai.

Leo nitalala usingizi, mara ya kwanza tangu kanjo walipokuja.

Alhamisi, 18 Machi. Kakuma

Aibu. Sijui nianze wapi.

Bwana afya alikuja leo kukagua. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri, nimefunika ndoo, nimepaka chokaa. Akapima jiko kwa macho, akatazama choo, akanusa maziwa. Akaandika. Akasema, "Vizuri, mama. Umepita. Sasa nionyeshe ile hoteli nyingine."

Ipi?

Akatoa fomu ya pili. "Ya Rebeka Akiru mwingine. Wewe ni wa Ewoi. Huyu ni wa Ekal. Ameandika yuko hapa hapa kando ya kituo cha mabasi."

Achol alikuwa ng'ambo na samaki wake, masikio yake marefu kama ya punda. Akapiga kelele, "Huyo mwingine ameenda kuchota maji!"

Alitaka kunisaidia. Au alitaka kucheka. Kwa Achol ni kitu kimoja.

Bwana afya akavuta debe, akaketi amsubiri. Akaagiza chai. Akamaliza, akaagiza nyingine. Akatazama njia ya kisimani. Kila mwanamke akipita na ndoo kichwani, anauliza, "Ndiye huyo?" Na Achol anajibu, "Bado, bado, huyo wetu ni mweusi zaidi." Wapakiaji wa lori wakakusanyika kutazama. Mmoja wao akaja na dau: Akiru wa pili atakuja mnene au mwembamba?

Nikashindwa. Nikapangusa mikono, nikasimama mbele yake. "Bwana afya, usingoje. Ni mimi."

"Wewe ni huyu."

"Na yule ni mimi pia."

Akazilinganisha fomu mbili, mstari kwa mstari. Kisha akakunja fomu zote mbili akazitia mfukoni, na ile chokaa yangu yote ikawa bure.

Wapakiaji wameshanipa jina. Akiru Wawili. Wakiagiza wanasema, "Akiru Wawili, chai moja!"

Jumanne, 23 Machi. Lodwar

Niliitwa. Si karani sasa, ni ofisa mwenyewe. Hakunikaribisha kiti. Fomu mbili zimelazwa mezani sambamba kama maiti.

Akasema huo ni udanganyifu. Akasema watu kama mimi ndio wanaofanya kazi ya serikali iwe ngumu. Nilijaribu kumweleza habari ya fahali na mkuki. Akainua mkono. "Mama, hapa tunatoa leseni, hatuozeshi."

Ndilo neno lile lile la baba. Nilitamani wangekuwa chumba kimoja.

Uamuzi: fomu zote mbili zimesimamishwa. Nichague moja, na nilete barua ya mwenye jina, mume au baba, yenye kidole gumba, kwamba anakubali.

Nikatoka nikakaa chini ya ukuta. Baba hataweka kidole mpaka ng'ombe waje. Ewoi ataweka hata sasa hivi, na baba atasikia kabla wino haujakauka. Nikichagua kwa baba, mama mkwe atamfungia Napeyok mlango.

Sikuchagua. Nilipanda lori.

Sikupita kumwona mtoto. Ningelia mbele yake.

Jumatano, 31 Machi. Kakuma

Wamefunga.

Wamebeba birika, sufuria mbili kubwa, na kile kikaango cha chapati. Mlango wameupigilia ubao. Yule mkubwa wao hakunitazama. Wateja walimaliza chai zao wakiwa wamesimama, wakaweka vikombe chini taratibu kama msibani.

Sikulia. Losike alilia kwa niaba yetu.

Jumapili, 11 Aprili

Nauza kwa chupa ya chai ya Achol. Nabeba kikapu cha mandazi kichwani, Losike mgongoni, nafuata mabasi yanapopunguza mwendo. Achol ananichemshia kwake kambini na kukataa chochote. Anasema nitamlipa siku ya harusi yangu, tutachinja yule karani.

Mgongo unauma. Maziwa yamepungua. Losike anavuta, anaachia, ananitazama.

Namkasirikia kila mtu. Baba, Ewoi, mama mkwe, ofisa. Mvua pia.

Leo mahubiri yalikuwa ya Ruthu. Unakokwenda nitakwenda. Nikafikiri, Ruthu hakujaza fomu.

Jumanne, 20 Aprili

Baraza kwa D.O., mkuu wa tarafa. Wamekuja watu wa Nairobi, wawili, mwanamume na mama mmoja wa miwani. Wanasema serikali inataka kurahisisha leseni. Karatasi nyingi zimewachosha wafanyabiashara, kwa hiyo wanataka kusikia kutoka kwetu ni hatua gani ziondolewe.

Sikutaka kwenda. Achol alinisukuma. Yeye mwenyewe hakuingia. Baraza ni la raia. Alikaa nje ya ua na samaki wake, akisikiliza.

Wenye maduka walisema safari ya Lodwar. Wakasema ada. Wakasema zile ofisi zinazotumana kama watoto. Mama wa miwani akaandika. Nilijiambia nyamaza. Halafu nikajikuta nimesimama na Losike begani.

Nikasema kuna mstari mmoja katika fomu. Mke wa, binti wa. Uondoeni.

Wanaume wakaanza kuguna. Nikaendelea. Mwenye duka la nguo hapa haulizwi ni mume wa nani. Haulizwi ni mwana wa nani. Anaulizwa anauza nini. Mimi nimefungiwa kwa sababu ya swali ambalo wazee wa pande mbili hawajamaliza kulijibu, na hawatalimaliza mpaka mvua inyeshe na ng'ombe wazae.

Sauti ikatoka nyuma, "Kaa chini, Akiru Wawili! Mwache mwenzako naye aseme!" Baraza likaanguka kwa kicheko. Hata chifu.

Mama wa miwani hakucheka, lakini aliuliza, nadhani kwa wema, "Lakini mama, kwani wewe ni mke au si mke?"

Nikamjibu, "Nikiuza chai ni mwuza chai."

Nikaketi. Sikuona kama aliandika.

Alhamisi, 13 Mei

Hakuna kitu. Watu wa Nairobi wamerudi Nairobi.

Dereva wa unga ameniletea salamu. Jino la Napeyok limetoka. Lilitoka akila, akalitema mkononi mwa Ata wake.

Sikuwepo.

Jumamosi, 29 Mei

Losike alikuwa na homa siku kadhaa. Leo imeshuka. Amekula uji. Sina la kuandika zaidi ya hilo.

Jumanne, 15 Juni

Andika vizuri, Akiru, usirukeruke.

Wiki iliyopita chifu alitangaza kwamba leseni zitatolewa hapa hapa Kakuma, siku za Jumanne, kwa D.O. Sikuamini. Leo nimeenda. Kweli. Meza moja ndefu. Kanjo ameketi, bwana afya ameketi, na mwishoni yule karani kijana wa Lodwar, jasho limemzoea. Mtu anasogea kutoka kiti kimoja hadi kingine kwenye benchi lile lile na jambo linakwisha.

Karani akaniona. "Akiru Wawili! Leo mmekuja wangapi?"

"Mmoja."

Akanipa fomu. Ukurasa mmoja. Jina. Namba ya kipande. Jina la biashara. Unauza nini. Wapi. Nikaigeuza nyuma nione kama mstari umejificha huko. Nyuma tupu.

Nikamwuliza nani ameutoa. Akainua mabega. "Sijui, mama. Nafikiri walitaka iingie ukurasa mmoja. Kuna mambo mengi yametoka."

Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi na sikujua furaha niipeleke wapi. Labda ni yule mama wa miwani. Labda ni karatasi iliyokuwa fupi. Sitajua kamwe.

Nikamwuliza zile fomu zangu za zamani. Akasema zimekufa na utaratibu wa zamani.

Pale kwenye jina la biashara nilisita. Nilitaka kuweka jina la Biblia. Bwana afya akasema, "Mama, watu wote wanaijua hoteli yako kwa jina gani?"

Nikaandika: Akiru Wawili.

Muhuri mmoja. Niliusikia mpaka tumboni.

Jumapili, 20 Juni

Baba amerudi. Kigoda, fimbo, mahali pale pale. Ubao wa mlango umeng'olewa, na leseni nimeitundika juu ya jiko ndani ya plastiki.

Hakuniomba nimsomee mimi. Alimwita mwalimu aliyekuwa anakula mandazi. Mwalimu akasoma yote, hata namba. Baba akauliza, "Jina la Ewoi liko wapi?"

"Halipo, mzee."

"Tafuta vizuri."

"Halipo kabisa."

Baba akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu aliyeona maji. Akasema, "Basi serikali imeelewa. Bado yuko kwangu."

Nilimletea chai. Akainywa, akataka nyingine, akasema sukari imekuwa kidogo.

Ijumaa, 25 Juni. Lodwar

Nilikuja na leseni imefungwa kwenye kanga. Mama mkwe akamwita binti wa jirani anayesoma sekondari. Akaketi amenyoosha miguu, Napeyok katikati.

"Jina la Ekal liko?"

"Hapana, Ata."

"Hata kwa chini? Hata maandishi madogo?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi. Akaniambia, kwa sauti ambayo hajanipa tangu nimzae Losike, "Vizuri. Basi ni letu. Mtoto anaweza kwenda kwenye kitu chetu."

Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Napeyok wakati huo wote, na haukutoka upesi.

Nilimwambia nitamtunza. Nikamwambia pia kwamba atakapokuja kwangu ataniita mama, si Akiru. Nilisema kwa upole lakini nilisema. Akanitazama. Akasema, "Hilo ni lako na yeye."

Sikumchukua leo. Upande mmoja wa nywele bado haujasukwa, na Ata anataka kummalizia. Mimi lazima nirudi. Achol ndiye anayenishikia hoteli, na Achol anawapa watu chai bila kuuliza kwanza kama wana pesa. Dereva wa unga atamleta. Ana binti wa umri huo.

Jumatano, 30 Juni. Kakuma

Mchana. Wateja wamekimbia jua. Losike amelala chini ya meza.

Najua haijaisha. Ng'ombe hawajaja. Ndugu yangu bado analala na wavulana. Baba na mama mkwe hawajakutana, na siku wakikutana watasomewa ile karatasi na kila mmoja ataona ilivyo tupu. Siku hiyo nitasimama katikati. Sikumdanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Ewoi ametuma neno kwamba amenunua mbuzi jike mmoja. Mmoja. Nilitabasamu hata hivyo.

Dereva anateremka Lodwar kesho asubuhi. Hasomi, nitamwambia kwa mdomo, lakini naandika nisisahau. Vitu ambavyo bado sijaletewa:

Birika langu na sufuria mbili, ziko stoo ya kanjo Lodwar. Stoo hiyo bado haijarahisishwa. Kama watakataa, asigombane, aulize tu wanataka karatasi gani.

Kikaango cha chapati. Kama kimeshaota kutu, akiache.

Kadi ya kliniki ya Napeyok. Iko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati la Ata.

Viatu vyake vya tairi. Akikataa kuvivaa, vifungwe pamoja kwa kamba.

Blanketi la bluu, sio lile jipya. Hilo la zamani ndilo analolalia.

Lile jino. Ata amelifunga kwenye kitambaa. Nimeliomba, hajasema ndiyo wala hapana.

Na Napeyok mwenyewe. Akae mbele, kati ya dereva na mlango uliofungwa vizuri. Asipandishwe juu ya magunia.